Wimbo unaoogopa kurukwa

Ukifungua wimbo kwenye Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, ukauacha kabla hazijatimia sekunde 30, kwa hesabu za kampuni hiyo hukuusikiliza. Hauongezewi idadi, na mwenye wimbo hapati kitu. Ukivumilia hadi sekunde ya 30 kisha ukaondoka, unahesabiwa sawa na aliyeusikiliza mpaka tamati huku amefumba macho. Wasikilizaji wengi hawaijui kanuni hii, na hakuna aliyewaomba waijue. Lakini nikiulizwa ni kitu gani hasa kimebadilisha namna tunavyoburudika kwa muziki katika miaka 20 iliyopita, jibu langu liko hapo: kwenye urahisi wa kuondoka, na kwenye jicho linalotutazama tunapoondoka.

Najua mjadala huu kwa kawaida hauanzii hapo. Huanza na malalamiko mawili, na la kwanza ni la ubora wa sauti: muziki wa kidijitali umekaushwa, umebanwa, hauna joto la santuri. Zamani lalamiko hili lilikuwa na ukweli wake. Sidii ilipoingia sokoni Japani mwaka 1982 ilipima wimbi la sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na faili la namna hiyo lilikuwa zito mno kwa intaneti iliyopitia waya za simu za mezani. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, wakautumia udhaifu wa sikio. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo jirani nayo, kwa hiyo ile ndogo waweza kuitupa na msikilizaji asigundue. Walijipima kwa sauti ya Suzanne Vega akiimba bila ala hata moja, maana sauti tupu ya mtu haina mahali pa kufichia kasoro. Ndipo ikazaliwa MP3, ambayo kwa kiwango kilichozoeleka mwanzoni ililipunguza faili la sidii hadi karibu sehemu moja ya 11. Faili nyingi za miaka ile zilisikika vibaya kweli. Leo huduma kubwa zinatoa sauti kamili isiyopunguzwa chochote, na wengi wetu tukifungwa macho hatuwezi kuitofautisha na faili lililobanwa vizuri. Mjadala huo umekwisha. Wanaouendeleza mara nyingi wana vifaa vya kuuza.

Lalamiko la pili ni kwamba watu hawaupendi tena muziki. Takwimu zinakataa. IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki uliorekodiwa, lilihesabu mapato ya dunia ya mwaka 2024 kuwa dola bilioni 29.6, na zaidi ya theluthi mbili zilitokana na usikilizaji wa mtandaoni. Hii ni tasnia ambayo miaka kumi tu kabla ya hapo ilikuwa imeshaandikiwa rambirambi. Isitoshe, lalamiko lenyewe ni kongwe. Mwaka 1906 John Philip Sousa, kiongozi mashuhuri wa bendi nchini Marekani, aliandika kwamba mashine za kucheza muziki zingewafanya watu waache kuimba na kupiga ala wenyewe. Nitarudi kwake, kwa sababu mzee huyo alikosea kwa namna ya kuvutia.

Kilichobadilika, basi, ni gharama ya kuuacha wimbo. Santuri ilikutaka uinuke. Ukichoshwa na wimbo wa tatu ilibidi uende ulipo mtambo, uinue sindano, ulenge nafasi nyembamba iliyo kati ya wimbo na wimbo, huku ukihofia kukwaruza. Kaseti ilikutaka ubahatishe: unapeleka mbele, unasimamisha, umeshapita, unarudisha nyuma, hujafika. Sidii ikaleta kitufe, na kuruka wimbo kukawa kazi ya kidole tu. Hata hivyo kidole hicho kilikupeleka wapi? Kwa msanii yuleyule, kwenye albamu ileile, kwa wimbo uliokuwa unafuata. Oktoba 2001 Apple ilitoa iPod, kifaa kidogo cha kuchezea muziki, na ahadi ya nyimbo 1,000 mfukoni. Oktoba 2022 huduma yake ya mtandaoni, Apple Music, ilitangaza kuwa imefikisha nyimbo milioni 100. Kitufe ni kilekile cha sidii. Kinachokungoja upande wa pili ndicho kilichofura. Wimbo unaousikia sasa hivi unashindana, kila sekunde, na kila kitu kilichowahi kurekodiwa.

Halafu kuna pesa iliyokwisha kutoka mfukoni. Mtu aliyenunua albamu na kukuta nusu yake haimvutii hakuitupa. Aliipiga tena wiki iliyofuata, na tena, kwa sababu hakuwa na nyingine mpya na kwa sababu alishailipia. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, bila sababu nyingine yoyote, kunatosha kutufanya tukipende zaidi. Sehemu kubwa ya mapenzi ya muziki ya karne iliyopita ilijengwa hivyo. Ubahili uliwapa nyimbo ngumu nafasi ya pili, ya tatu na ya nne, na katika ile ya nne ndipo gitaa la besi lililokuwa likikera likaanza kueleweka. Ukiwauliza watu wimbo upi wa albamu fulani wanaupenda zaidi leo, aghalabu watakutajia ule ambao mwanzoni hawakuujali. Wimbo wa namna hiyo hivi sasa hauna njia ya kutufikia mara nne, isipokuwa mtu auchague kwa makusudi, na mtu hachagui kwa makusudi kitu ambacho bado hakipendi.

Nisieleweke kwamba naililia albamu. Wenye kampuni za muziki waliitumia vibaya. Katika miaka ya 1990, hasa Marekani, nyimbo zilizovuma mara nyingi hazikuuzwa peke yake, ili mnunuzi alazimike kubeba sidii nzima kwa ajili ya wimbo mmoja na vijazio tisa. Napster, programu ya kubadilishana nyimbo bure mtandaoni, ilipofunguliwa mwaka 1999 na kijana wa chuo, Shawn Fanning, mamilioni ya watu hawakuhitaji kufundishwa cha kufanya. Mahakama iliwapa ushindi wenye hakimiliki na huduma ile ikazimwa Julai 2001, lakini hukumu nyingine ilikuwa imeshatolewa na wasikilizaji. Mwaka 2003 Apple ilipofungua duka lake la mtandaoni na kuuza kila wimbo peke yake kwa senti 99 za dola, ilikuwa inaiuzia dunia kile ilichokuwa imeshakichukua. Kitufe cha kuruka ni haki tuliyoidai kwa sababu nzuri.

Ila haki hiyo imewarudia watunzi. Mwaka 2017 mtafiti Hubert Léveillé Gauvin alichapisha uchambuzi wa nyimbo zilizoshika nafasi za juu Marekani kati ya 1986 na 2015. Utangulizi wa ala, yaani ule muda kabla sauti ya mwimbaji haijaingia, ulikuwa umeshuka kutoka wastani wa zaidi ya sekunde 20 hadi kama sekunde 5. Ukisikiliza nyimbo mpya zinazovuma utakuta nyingi zinaanza na kiitikio chenyewe, au kipande chake, kabla hujakaa sawa. Daraja, kile kipande cha katikati kinachobadili mwendo wa wimbo, limefupishwa au limeondolewa. Mwimbaji hapigi hodi tena.

Mtu anaweza kunijibu kwamba teknolojia siku zote imeukata muziki kwa kipimo chake, na atakuwa sahihi. Wimbo wa dakika tatu tunaouona kama wa kawaida haukushuka kutoka mbinguni. Uliletwa na santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja haukubeba zaidi ya hapo sana. Kampuni ya rekodi ya Columbia ilipoleta santuri ndefu mwaka 1948, yenye dakika 20 na ushei kila upande, wapiga jazi wakapata nafasi ya kuzunguka na wazo moja hadi litoe maji. Tofauti ninayoiona ni hii: kipimo cha zamani kilikuwa cha nafasi, na nafasi haimjui msikilizaji. Santuri haikuwahi kumwambia mtunzi kwamba watu walichoka dakika ya kwanza na sekunde ya 12. Kipimo cha sasa ni cha subira, kinapimwa kwa kila mmoja wetu, na majibu yanapelekwa studio. Msanii anafungua ukurasa wake wa YouTube na kuona mchoro wa mahali ambapo wasikilizaji walimpa kisogo. Ni vigumu kuuona mchoro huo ukaendelea kutunga kana kwamba hukuuona.

Majibu hayohayo yanapelekwa kwenye algorithimu. Tangu Spotify ilipoanzisha orodha yake ya kila wiki ya kila msikilizaji mwaka 2015, watu wengi wamezoea kuletewa muziki badala ya kuutafuta, na kuruka wimbo ni mojawapo ya ishara zinazosomwa ili kuamua uletewe nini kesho. Ni ishara isiyo na uhakika kabisa. Unaweza kuruka wimbo kwa sababu ni mbaya, au kwa sababu uliusikia jana, au unakukumbusha mtu, au kuna mgeni chumbani na maneno yake hayafai. Mtambo unajua tu kwamba uliondoka. Na kuna upande mwingine ambao haujadiliwi vya kutosha: kutoruka nako kunasomwa kama mapenzi. Simu ikiwa mbali, nayo mikono yako ina povu la sabuni, umeshazipigia kura nyimbo sita.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kile ninachokiona kuwa badiliko kubwa kuliko yote, na ambalo halikupangwa na yeyote. Huduma inayolipa kwa kutorukwa inazaa muziki usiorukwa, na muziki usiorukwa kirahisi ni ule ambao hausikilizwi. Tazama majina ya orodha maarufu: muziki wa kulala, muziki wa kusomea, muziki wa mazoezi, muziki wa kutuliza akili. Jina la mtunzi limepungua uzito na jina la shughuli limeongezeka. Njia hii ikifuatwa hadi mwisho unakutana na sauti za mvua na mivumo ya feni, ambazo wajanja walizikatakata vipande vya sekunde 30 na kidogo ili usiku mmoja wa usingizi wa mtu mmoja uhesabiwe kama mamia ya nyimbo. Mambo yalifika mahali Spotify ikalazimika kutangaza, mwishoni mwa 2023, kwamba sauti za namna hiyo lazima zidumu angalau dakika mbili ndipo zilipwe, tena kwa kiwango cha chini. Wakati huohuo ikatangaza kwamba wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 kwa mwaka hautalipwa mrabaha wa rekodi. Kampuni ilieleza hatua zote mbili kama kupambana na udanganyifu na kuwalinda wasanii. Mimi naziona pia kama ungamo kwamba kipimo cha awali kilishindwa kutofautisha wimbo na mvua.

Sisemi kwamba kuwa na muziki pembeni ni dhambi. Watu walipiga ngoma wakilima na wakaimba wakitwanga muda mrefu kabla ya umeme. Lakini aliyekuwa akiimba huku akitwanga alikuwa ndani ya wimbo. Pumzi yake ndiyo iliyoubeba. Anayewekewa saa nane za piano laini yuko nje yake.

Kuna jambo jingine dogo linalonichekesha. Sony ilipotoa Walkman, redio ya kaseti ya kutembea nayo, mwaka 1979, modeli ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya kuchomeka spika za masikioni, pamoja na kitufe cha kushusha muziki ili wawili wanaosikiliza waweze kuongea. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alihofia kwamba mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake kungeonekana utovu wa adabu. Hofu hiyo haikudumu. Modeli za baadaye zikaliacha tundu la pili. Leo hata watu wawili wakikaa kiti kimoja, kila mmoja ana orodha iliyoshonwa kwa kipimo chake, na nyimbo ambazo kila mtu anazijua, penda usipende, zinapungua.

Sasa nimrudie Sousa. Alidhani mashine zitatunyamazisha. Kwa karibu miaka mia moja alielekea kuwa sahihi: muziki uliuzwa na wachache, sisi wengine tukanunua. Kisha simu ikapata kamera, maikrofoni na studio ndani yake. Mwaka 2004 Apple ilianza kuweka programu ya kurekodi muziki, GarageBand, ndani ya kompyuta zake bila malipo ya ziada, na leo kijana mwenye simu anaweza kupanga ala, kurekodi sauti na kuusambaza wimbo duniani kabla hajala chakula cha usiku. Pengine la kushangaza zaidi ni wale wasiojiita wanamuziki hata kidogo. Kwenye TikTok na majukwaa ya aina yake, watu wanacheza, wanaimba juu ya sauti ya mwingine, wanaongeza sauti ya pili, mgeni wa nchi nyingine anaongeza ya tatu, wa nne analeta fidla. Wimbo unarudi kuwa kitu cha kufanywa. Sijaona burudani ya muziki iliyo karibu na kuimba kwa kupokezana kuliko hii, na inashangaza kwamba imetoka kwenye mtambo uleule uliotufundisha kuruka.

Umri wa wimbo nao umelegea. Mwaka 2022 wimbo wa Kate Bush uliotoka 1985 ulipanda hadi namba moja Uingereza, miaka 37 baadaye, baada ya kutumiwa katika tamthilia ya Netflix na kushikwa na vijana mtandaoni. Zamani hilo lisingewezekana kwa kasi ile: kaseti zingekuwa zimekwisha madukani na redio zingekuwa na nyimbo mpya za kusukuma. Mtoto wa miaka 14 leo haoni aibu kupenda muziki uliomtangulia mzazi wake kuzaliwa, kwa kuwa kwake vyote vimekaa rafu moja. Wahenga walisema chema chajiuza, na kwa nyimbo za kale angalau, intaneti imewapa hoja. Tatizo ni kwamba kinachofufuka mara nyingi ni kipande cha sekunde 15, tena kikiwa kimeharakishwa kasi. Kampuni za rekodi zimeanza kutoa rasmi matoleo ya nyimbo zao yaliyoharakishwa, kwa vile ndivyo mashabiki walivyozizoea.

Wapo wanaokimbia. Mwaka 2022 santuri ziliuzwa Marekani kwa idadi kubwa kuliko sidii, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Maelezo ya kawaida ni ile sauti yenye joto, ambayo nimeshasema siiamini sana. Nadhani wanunuzi wengi wanalipia ugumu: wanataka kitu ambacho kidole hakiwezi kukiruka, kikae mbele yao na kava lake, kiwadai dakika 20. Lakini nadharia yangu ina tundu. Utafiti wa kampuni ya Luminate ulikuta kwamba nusu tu ya walionunua santuri Marekani ndio waliokuwa na mtambo wa kuzipigia. Hao wengine wamenunua ushahidi wa mapenzi, na muziki wenyewe wanausikiliza kwenye simu kama sisi sote.

Muziki wa pembeni, kwa upande wake, umepata mtengenezaji mpya. Aprili 2025 huduma ya Deezer ya Ufaransa ilisema inapokea kila siku zaidi ya nyimbo 20,000 zilizotungwa na akili mnemba peke yake, karibu moja katika kila tano zinazopakiwa. Baadaye mwaka huohuo ikaeleza kwamba nyimbo hizo zinasikilizwa kidogo sana, na kwamba sehemu kubwa ya usikilizaji wenyewe ni wa udanganyifu, programu zikisikiliza kazi za programu ili kukusanya mirabaha. Tunapigia kelele mashine zinazotunga, na zinastahili kelele, lakini njia zilikuta imeshafyekwa. Kama kazi ya wimbo ni kutomsumbua mtu asiyeusikiliza, hakuna haja ya binadamu upande wowote.

Ndiyo maana naona swali la malipo ni swali la burudani, ingawa kwa kawaida huachiwa wanasheria. Katika mfumo unaotumika zaidi, ada unayolipa kwa mwezi haiendi kwa wasanii uliowasikiliza. Inatiwa kwenye kapu moja na kugawanywa kwa hisa za usikilizaji wote, hivyo shabiki anayemsikiliza mpiga kora mmoja mwezi mzima anawalipa zaidi watu ambao hajawahi kuwasikia, na anayeacha muziki ukicheza saa 20 kwa siku ana sauti kubwa kuliko anayekaa chini saa moja akasikiliza. Huduma ya SoundCloud mwaka 2021 ilianza kuwalipa baadhi ya wasanii kwa kufuata mashabiki wao halisi. Deezer mwaka 2023, kwa makubaliano na kampuni ya muziki ya Universal, ilikwenda upande mwingine: wimbo ambao msikilizaji ameutafuta mwenyewe unapewa uzito zaidi ya ule aliosukumiwa na algorithimu. Mpango huo una kasoro zake, mojawapo ikiwa kwamba unawapendelea pia wasanii waliokwisha kupata wasikilizaji. Lakini ndiyo mara ya kwanza naona huduma kubwa ikiandika kwenye hesabu zake kwamba mtu aliyeandika jina la wimbo na kuutafuta amefanya kitendo tofauti na yule ambaye hakuona sababu ya kuuzima. Deezer ni ndogo mbele ya Spotify, Apple na YouTube, na hizo tatu bado hazijaonyesha haraka ya kuifuata.